Shetani Aliingiaje Kwenye Boga?

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yangu kabla ya jogoo wa pili, na kwa namna dada yangu mdogo alivyokuwa akinong'ona nilijua tu kuna msiba. "Kaka, umeamka? Nisikilize halafu unishauri. Lakini Mama asijue kwanza."

Hapakuwa na msiba. Palikuwa na karatasi. Dada anaishi kitongoji kimoja kaskazini mwa jiji la Minneapolis, Marekani, na mwanawe wa miaka saba alikuwa amerudi kutoka shuleni na tangazo la rangi ya chungwa: tarehe 31 Oktoba watoto wote wanakaribishwa kuja wamevaa nguo za kujigeuza. Simba, zimamoto, malkia, mzuka, vyovyote wapendavyo. Giza likiingia, watoto wa mtaa watapita nyumba hadi nyumba wakigonga milango na kupewa pipi. Mpwa wangu alikwishachagua. Anataka kuwa mifupa.

Kosa la dada lilikuwa kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa sala, Waswahili wa huko: Watanzania, Wakenya, Wakongo. Saa moja baadaye kundi likawaka moto. Mmoja alituma video ya mhubiri akieleza kuwa usiku ule ndio sikukuu kuu ya Shetani. Mwingine akaweka Kumbukumbu la Torati sura ya 18, ile inayokataza ramli, uganga na kuwauliza wafu. Wa tatu akataka kujua kama wenzake wana habari kwamba pipi zile hunuiziwa na wachawi kabla hazijafika dukani. Mama mmoja wa Bukavu, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa Amerika, aliandika kwa kifupi kwamba kwao watu wameuawa kwa neno uchawi, kwa hiyo yeye halifanyii mchezo. Shemeji yangu, Mlutheri wa Machame asiyependa maneno mengi, alisema ni pipi tu, mwacheni mtoto.

"Sasa Kaka, nimsikilize nani?"

Nilimwomba siku mbili. Zikawa wiki, na haya ndiyo niliyokusanya.

Tuanze na jina Halloween, maana ndani yake hamna shetani hata wa dawa. Katika Kiingereza cha zamani "hallow" ni mtakatifu, na kile kipande cha mwisho cha "Halloween" ni jioni ya kuamkia siku. Yaani Mkesha wa Watakatifu Wote. Kalenda ya parokia iliyotundikwa sebuleni kwa Mama, ile yenye picha ya Bikira Maria juu na tangazo la duka la mabati chini, imekuwa nayo miaka yote: tarehe 1 Novemba Watakatifu Wote, tarehe 2 Marehemu Wote. Sisi tumeikuta imeandikwa kwa Kiswahili tu, ndiyo maana hatukuitambua ilipokuja imevaa kinyago.

Sikukuu hiyo haikuzaliwa Novemba. Mwanzoni mwa karne ya 7 Papa Bonifasi wa Nne aliligeuza Pantheon, hekalu la miungu ya Warumi, kuwa kanisa la Bikira Maria na mashahidi wote, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 13 Mei. Karne iliyofuata Papa Gregori wa Tatu akatenga kikanisa cha watakatifu wote ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 835 mfalme Louis wa Wafranki akaagiza tarehe 1 Novemba iadhimishwe katika himaya yake. Karibu na mwaka 1000, Odilo, abate wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, akaongeza siku ya kuwaombea marehemu wote. Hapo tuna siku tatu zinazoshikana mikono: mkesha, watakatifu, marehemu.

Wanaosema Kanisa liliokota sikukuu ya wapagani na kuipaka maji ya baraka humnyooshea kidole Mwairishi. Ni kweli kwamba Waairishi wa kale walikuwa na Samhain, jina ambalo wao hulitamka karibu na "sau-in". Ulikuwa mwanzo wa majira ya baridi. Ng'ombe walirudishwa kutoka malishoni, waliozidi wakachinjwa, watu wakakutana, wakala, wakaamua mashauri. Katika hadithi zilizoandikwa na watawa wa Ireland karne nyingi baadaye, usiku huo vilima wanamokaa viumbe wa ulimwengu mwingine hufunguka, na mtu akitoka nje ovyo anaweza kukutana na asilolijua. Hadi leo mwezi wa Novemba kwa Kiairishi unaitwa Samhain, basi. Lakini Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, mwanahistoria aliyezichambua sikukuu za Uingereza na Ireland moja moja, anaonyesha kwamba ushahidi wa Samhain kuwa sikukuu ya wafu haupo. Tena Waairishi wa mwanzo waliwaadhimisha watakatifu wote mwezi wa Aprili. Kama nia ilikuwa kuifunika Samhain, wenyewe wenye Samhain walikuwa wa mwisho kuambiwa.

Basi yule "Samhain, mungu wa wafu" anayetajwa kwenye video za WhatsApp alitoka wapi? Alitoka kwa mwanajeshi. Charles Vallancey alikuwa mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa Ireland katika karne ya 18, akapenda mambo ya kale ya nchi ile kuliko alivyoyaelewa. Aliamini kwamba Kiairishi ni ndugu wa lugha ya Wafoinike, na akaandika vitabu vinene kuthibitisha hivyo. Katika pilikapilika hizo akaligeuza jina la msimu kuwa jina la mungu. Wataalamu wa lugha walimcheka, lakini kitabu kikishachapwa hakifi. Kilinukuliwa na mwingine, naye akanukuliwa na mwingine, hadi mwaka 1981, katika filamu ya pili ya mfululizo wa kutisha uitwao Halloween, neno Samhain likaonekana limeandikwa kwa damu kwenye ubao wa darasa, na daktari ndani ya filamu akalifasiri kuwa ni bwana wa wafu. Mhubiri na mtengeneza filamu za kutisha wamekunywa maji ya kisima kimoja, na aliyekichimba ni askari asiyejua Kiairishi sawasawa.

Nilipofika hapa nilitaka kumpigia dada na kumwambia mambo yamekwisha, ni kosa la tafsiri. Bahati nzuri sikupiga. Kosa la tafsiri haliwezi peke yake kumtia mama mzima hofu akiwa jikoni kwake Minnesota. Kuna kitu cha kweli zaidi, na nilikipata mahali ambapo sikutegemea, kwenye neno ambalo watoto wa katekisimu wa zamani wanalijua: toharani.

Kwa Wakristo wa Ulaya ya zama za kati, wafu hawakuwa mbali. Wengi walikuwa toharani wakisafishwa, na walio hai waliweza kuwasaidia kwa sala, misa na sadaka. Usiku wa kuamkia siku ya marehemu kengele zililia mpaka usiku wa manane. Katika Uingereza maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo, na kwa kila mkate waliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Msomaji wa Lamu au Bagamoyo hahitaji kuelezwa sana. Anajua hitima ni nini, anajua sahani ya pilau au tende inayotolewa kwa niaba ya aliyelala kaburini, na anajua kwamba anayekula anadaiwa dua. Mtoto anayegonga mlango kuomba pipi leo amebakiwa na nusu ya mapatano hayo: anapokea na haombei mtu.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1517, Oktoba 31, Martin Luther alimpelekea Askofu Mkuu Albert wa Mainz hoja zake 95. Luther hakuiokota tarehe njiani. Kesho yake ilikuwa Watakatifu Wote, siku ambayo kanisa la ngome ya Wittenberg lilionyesha hazina ya masalia ya watakatifu iliyokusanywa na mtawala Frederick, ambayo mwaka 1520 yalihesabiwa kuwa kama 19,000, na mwenye kuyazuru kwa ibada alipunguziwa miaka ya toharani. Biashara ya rehema ndiyo aliyoishambulia Luther. Shemeji yangu, anayesema ni pipi tu, kila mwaka tarehe hiyohiyo huimba kwa sauti nene katika Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Nilipomkumbusha alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe Mkesha ni wetu sote."

Matengenezo yaliposhika Ulaya ya kaskazini, toharani ilifutwa. Mtu akifa anakwenda moja kwa moja kwa Mungu au motoni, hakuna kituo cha katikati, na hakuna anayerudi. Chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Uingereza ilipiga marufuku kengele za usiku wa marehemu. Kama fundisho, linaeleweka, hata wasiolikubali wanaona mantiki yake. Ila watu hawakuacha kuona mizuka. Mjane aliendelea kusikia hatua za mumewe ukumbini. Zamani padri angemwambia: mumeo anaomba misa. Sasa mchungaji alilazimika kumjibu kwa hesabu mpya. Mumeo hawezi kurudi, kwa hiyo anayetembea ukumbini si mumeo. Kama si mumeo, na si malaika, amebaki nani?

Hapo ndipo Shetani alipoingia. Hakutoka kwenye vilima vya Ireland. Aliingia kupitia nafasi waliyoiacha wazi marehemu walipofukuzwa.

Sitaki kuwatwisha Waprotestanti mzigo wote. Wachawi waliwindwa na kuchomwa katika nchi za Kikatoliki pia. Lakini kisa kinachouunganisha mkesha huu na wachawi kuliko vyote ni cha Scotland ya Kiprotestanti. Mfalme James wa Sita alikwenda kwa meli kumchukua bibi harusi wake Anne, binti wa mfalme wa Denmark, na dhoruba zikawasumbua karibu kuwazamisha. Nani kazituma? Katika kesi zilizoanza mwaka 1590 mkunga na mganga aliyeheshimika, Agnes Sampson, aliteswa mbele ya mfalme mwenyewe katika kasri la Holyrood, akanyimwa usingizi, akafungwa hatamu ya chuma mdomoni, hadi akakiri. Alichokiri kilichapwa kwenye kijitabu cha London mwaka 1591: usiku wa mkesha wa Watakatifu Wote, yeye na wenzake kama 200 walikwenda kwa njia ya bahari mpaka kanisa la North Berwick kukutana na Ibilisi, na kila mmoja alisafiri ndani ya chekeche.

Nilirudia kusoma. Chekeche! Ndugu yake ungo. Sisi tuliokulia hadithi za bibi za wanga kupaa na ungo usiku wa manane tunaweza kulitambua gari hilo popote. Lakini bibi alisimulia tukacheka, tukajifunika shuka. Agnes Sampson alinyongwa na mwili wake ukachomwa. Miaka michache baadaye, 1597, mfalme akatoa kitabu chake mwenyewe kuhusu elimu ya mashetani. Scotland ilikuja kuwashtaki karibu watu 4,000 kwa uchawi kati ya mwaka 1563 na 1736, wengi wao wanawake, na ilichukua mpaka Machi 8, 2022 kiongozi wa serikali ya Scotland, Nicola Sturgeon, kuomba radhi.

Kinyago cha mchawi mwenye kofia ndefu kinachouzwa madukani Minneapolis kina ukoo, na ukoo wenyewe umetoka kwenye chumba cha mateso. Hili nilimwandikia dada kwa herufi kubwa, maana kwenye kundi lao hakuna aliyelitaja.

Mkesha ulifikaje Amerika? Njaa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, iliwasukuma Waairishi kwa mamia ya maelfu kwenda Amerika, nao wakabeba mkesha wao. Kwao walichonga sura kwenye zao fulani la mizizi linalofanana na figili kubwa, wakatia mshumaa ndani. Amerika wakakuta boga: kubwa, laini kuchonga, la kienyeji la nchi ile. Nalitaja boga kwa makusudi, kwa sababu hadithi moja inayozunguka husema makuhani wa Wakelti, yaani wale Waairishi wa kale, waliacha boga lenye mshumaa mlangoni kwa aliyewapa mtu wa kutoa kafara. Boga ni zao la Amerika. Ulaya haikuliona kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ni sawa na kusema Mtemi Mkwawa wa karne ya 19 alisafiri kwa bodaboda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 tatizo la Halloween Amerika lilikuwa vijana watundu, wala hakuna aliyemtaja Ibilisi. Waling'oa mageti, wakapindua vyoo vya nje, wakafungulia mifugo. Katika mji wa Anoka, mwendo mfupi kutoka kwa dada, wakazi waliamka wakakuta ng'ombe wanazurura barabarani. Mwaka 1920 wakaamua kuandaa maandamano ya sherehe ili vijana wawe na la kufanya. Hadi leo Anoka inajiita mji mkuu wa Halloween duniani. Pipi nazo zilikuwa hongo ya namna hiyo: chukua hii, uniachie geti langu. Mwaka 1950 mchungaji mmoja wa Kipresbiteri wa Philadelphia, Clyde Allison, na mkewe Mary Emma, walianzisha utaratibu wa watoto kukusanya senti mlango kwa mlango kwa ajili ya UNICEF. Mchungaji na mkewe, na hakuna aliyewaita mawakala wa kuzimu.

Hofu iligeuka miaka ya 1970 na 1980, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mafuriko yale yalitufikia hata sisi.

Kwanza ilikuja hofu ya sumu. Kila Oktoba wazazi waliambiwa kuna watu wasiojulikana wanaotia wembe ndani ya matufaha na sumu ndani ya pipi. Mwaka 1974, huko Deer Park, Texas, mtoto alikufa kweli kwa pipi yenye sianidi. Aliyeitia ni baba yake mzazi, Ronald Clark O'Bryan, aliyekuwa amemkatia bima ya maisha. Alihukumiwa kifo na kuuawa kwa sindano ya sumu mwaka 1984. Mwaka 1982, wiki chache kabla ya Halloween, watu 7 katika eneo la Chicago walikufa kwa vidonge vya kutuliza maumivu vilivyotiwa sumu na mtu ambaye hajakamatwa hadi leo, na baadhi ya hospitali zikawa zinapiga pipi za watoto eksirei. Mwanasosholojia Joel Best na mwenzake walipochunguza taarifa za miaka mingi, wakachapisha matokeo mwaka 1985, hawakupata kisa hata kimoja cha mgeni aliyeua mtoto kwa pipi ya Halloween. Walichopata ni uwongo wa watoto watundu, uvumi na yule baba wa Texas. Aliyeua alikuwa ndani ya nyumba, macho ya nchi nzima yakawa mlangoni.

Kisha hofu ya sumu ikavaa joho la dini. Mwaka 1980 kilitoka kitabu cha mwanamke na daktari wake wa akili wakidai kwamba utotoni aliteswa na kundi la waabudu Shetani. Mwaka 1983 walimu wa shule ya chekechea ya McMartin, California, wakatuhumiwa kuwafanyia watoto mambo ya kishetani. Kesi ikaenda hadi 1990, mamilioni ya dola yakayeyuka, hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka 1992 Kenneth Lanning, mpelelezi wa FBI aliyeshughulikia madai ya aina hiyo kwa miaka, aliandika kwamba ushahidi wa mtandao wa waua-watoto kwa kafara haukupatikana. Katikati ya joto hilo mchora katuni wa California, Jack Chick, alikuwa akichapa vitrakti vyake vidogo, kurasa ishirini na kitu za picha nyeusi na nyeupe, na kadhaa ni vya Halloween: wachawi wakitia sumu, pepo wakicheka, mtoto akiokolewa au akiangamia. Wapo Wakristo walionunua vitrakti hivyo kwa mamia na kuviweka kwenye mifuko ya watoto badala ya pipi. Chick alifariki Oktoba 2016, wiki moja kabla ya Halloween.

Aliyekuwa sekondari Afrika Mashariki miaka ile atakumbuka vilivyotufikia: vitrakti vilivyopita chini ya madawati, kaseti za shuhuda za watu waliokuwa "chini ya bahari", nembo zilizosomwa kinyumenyume. Nchini Kenya jambo lilifika ikulu. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume kuchunguza ibada za Shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilipotolewa hadharani mwaka 1999 ilisema ibada hizo zipo. Marekani walikuwa wanaelekea kuchoka na hofu hiyo pale sisi tulipoanza kuipokea, kama mitumba.

Si Wakristo wa kilokole peke yao wanaoikataa sikukuu hii. Gazeti la Vatican lilichapa onyo dhidi yake mwaka 2009, na jimbo kuu la Paris mwaka 2002 lilianzisha sherehe ya kuwaadhimisha watakatifu badala ya mizuka. Waislamu wengi, wakiwamo jamaa zangu wa Muscat, wanaikataa kwa hoja nyingine kabisa: kujifananisha na sikukuu za wasio wenzao. Hoja hiyo haihitaji boga lenye jini, na kwa maoni yangu ina heshima zaidi, kwa kuwa haimsingizii jirani kafara. Ingawa mwaka 2022 picha za Riyadh, vijana wamejaa kwenye eneo la burudani na vinyago vya kutisha, ziliwaacha jamaa haohao hawana la kusema.

Nirudi kwa mama wa Bukavu, kwani yeye ndiye aliyeninyima usingizi. Hoja za wengine unaweza kuzijibu kwa tarehe. Yake hapana. Mtu aliyetoka mahali ambapo mtoto akituhumiwa uchawi hufukuzwa nyumbani, ambapo ajuza wa Shinyanga au Mwanza mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka hamsini wa kuni na samadi anaweza kukatwa mapanga usiku, hawezi kumwona mchawi wa plastiki amesimama bustanini kwa jirani akacheka. Mmarekani anacheka kwa sababu kwake mchawi alikufa miaka mia tatu iliyopita. Kwetu kesi bado iko mezani. Kumwambia mama yule "ni mchezo tu" ni utovu wa adabu.

Ila nadhani anachokiogopa yeye na anachokihubiri yule wa kwenye video ni vitu viwili. Mama anaogopa tuhuma. Mhubiri anaitoa. Mama amewaona majirani wakigeuka. Mhubiri anamfundisha kumtazama jirani anayegawa pipi kama mtu aliyezinuizia.

Lugha yetu ingeweza kutusaidia hapa, kama tungeiacha ifanye kazi. Kiswahili hakikosi majina. Mzimu ni wa kwetu, ni babu aliyelala, ana deni na ana haki. Koma ni wa kwetu vilevile. Pepo hupungwa. Jini ana dini yake na tabia zake. Hata neno shetani, lililokuja na Kiarabu, mwambao wamelitumia kwa wageni wa aina nyingi wanaompanda mtu kichwani, wengine wa kuogopwa na wengine wa kubembelezwa kwa uvumba na ngoma kama kibuki cha Unguja. Bibi zetu walijua nani ni nani. Halafu tukahubiriwa kwamba wote hao ni mmoja, kama yule mjane wa Uingereza alivyohubiriwa, na jina la huyo mmoja ni Shetani. Tangu hapo hatuna tena namna ya kusikia hatua za marehemu ukumbini bila kukemea.

Hayo ndiyo niliyomwandikia dada, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Alijibu kwa neno moja, "Sawa", na mimi nikajua hajaamua.

Mwishowe, aliniambia baadaye, alizungumza na mama wa Bukavu kwa simu, si kwenye kundi, karibu saa nzima, na hawakuzungumza sana habari za Halloween. Mtoto hakuwa mifupa. Akawa twiga, kwa kitambaa alichoshona dada usiku, shingo ikiwa ya katoni la televisheni, na kwa sababu ya shingo hiyo alishindwa kuingia kwenye milango miwili. Alirudi na pipi za kutosha mpaka Krismasi. Yule mama hakuwaruhusu wanawe kutoka, lakini walipata sehemu yao kwenye mfuko wa twiga.

Tarehe 2 Novemba, saa kumi alasiri, tulikuwa makaburini parokiani, Moshi. Vuli ilikuwa imeanza, udongo laini, watu wamebeba maua na mishumaa kwenye mifuko ya nailoni. Dada alitaka aone kaburi la Baba, kwa hiyo nilipiga simu ya video. Kwao ilikuwa saa mbili asubuhi na mtoto alikuwa akinywa maziwa kabla ya basi la shule. Nikageuza kamera. Mishumaa ilikuwa mamia, kila kaburi na wake, na kigiza cha mawingu ya mvua kilikuwa kimeifanya ing'ae.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "kumbe na ninyi mnayo?"

Mama, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameambiwa chochote, akauliza mnayo nini. Padri alikuwa ameshafika safu yetu na ndoo ya maji ya baraka, ikabidi nizime sauti.